Bafu lenye joto wakati wa kipupwe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Njombe, Makete na Mufindi

Kamwene. Mimi ni fundi umeme wa majumbani hapa Njombe mjini. Kila ikifika Juni maswali ya wateja hubadilika. Mtu aliyeniita nimfungie taa ya varanda ananishika mkono na kunipeleka bafuni, ananiambia niguse ukuta. Majibu yaliyo hapa ni yale ninayowapa watu nikiwa nimesimama ndani ya mabafu yao. Nimeyaandika kwa ajili ya sisi tunaoishi kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini, lakini aliyeko Lushoto, Limuru au Nyahururu atajikuta humu pia.

Kwa nini bafu ndilo chumba chenye baridi kuliko vyote?

Kwa sababu tumelijenga hivyo. Kwenye nyumba zetu nyingi bafu limesukumwa pembeni na lina kuta mbili za nje. Juu kuna bati tupu, kwa kuwa fedha za siling bodi ziliishia sebuleni. Juu ya dirisha kuna matofali ya matundu ambayo hayafungwi mwaka mzima, na chini ya mlango pana upenyo ambao vidole viwili vinapita.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Usiku wa kipupwe huku mara nyingi hauna mawingu. Bati hutoa joto lake lote kuelekea angani na kupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, ndiyo maana asubuhi unakuta matone yamening'inia chini ya bati ingawa mvua haijanyesha. Ukisimama chini yake umevua nguo, mwili wako unapoteza joto kwenda kwenye lile bati.

Vigae navyo vinalaumiwa bure. Kigae na kibao cha mbao vilivyolala chumba kimoja vina nyuzi zilezile. Tofauti ni kwamba kigae kinanyonya joto la unyayo haraka, mbao hainyonyi. Na mwili uliolowa unapoa zaidi ya mwili mkavu, kwa kuwa maji yanayokauka juu ya ngozi yanaondoka na joto lako. Kwa hiyo ukimaliza kuoga jifute humo humo bafuni kabla hujafungua mlango. Hilo ni la bure, na watu wengi hawalifanyi.

Ninunue hita kwanza au nirekebishe bafu kwanza?

Rekebisha bafu. Nauza kazi ya umeme na bado nakwambia hivyo.

Piga hesabu hii. Bafu la kawaida lina upana wa mita 1.5, urefu mita 2 na kimo mita 2.7. Hiyo ni mita za ujazo kama 8. Kupandisha joto la hewa hiyo kwa nyuzi 10 kunahitaji umeme usiofika hata uniti 0.03, yaani shilingi chache sana. Hita ya wati 2,000 ingemaliza kazi hiyo kwa dakika moja hivi. Mbona basi unaiwasha nusu saa na bado unatetemeka? Kwa sababu hewa uliyoipasha imeshatoka kwa juu, nyingine ya baridi imeingia chini ya mlango, na kinachobaki kinamezwa na kuta na bati.

Ninapoitwa kwenye nyumba nabeba kijiti cha udi. Tunafunga mlango na dirisha la bafu, tunawasha udi, kisha nakisogeza polepole kandokando ya fremu, kwenye matofali ya matundu na chini ya mlango. Mahali palipozibwa moshi unapanda wima kama uzi. Mahali penye upenyo unalala ubavu na kukimbia. Mama mmoja alikuwa na hakika baridi yake inatoka dirishani, kumbe moshi wote ulikuwa unakimbilia kwenye tundu la bomba la maji machafu, ambapo fundi bomba alitoboa ukuta kwa upana wa chungwa na kupitisha bomba la inchi mbili bila kuziba. Konzi moja ya saruji ilimaliza tatizo.

Fuata mpangilio huu: chini ya mlango weka mpira wa kuzuia upepo, ule unaopigiliwa misumari, au kipande cha blanketi lililokunjwa. Kandokando ya fremu jaza silikoni. Matofali ya matundu yatengenezee kifuniko cha mbao chenye bawaba. Dirisha la luva ndilo gumu kuliko yote, maana vile vioo havikutani sawasawa hata vikiwa vipya. Kama huna uwezo wa kubadilisha, pigilia karatasi nene ya nailoni kwa ndani ukiacha vioo vya juu viwili vinavyofunguka.

Nikiziba kila kitu, si nitakosa hewa? Na ukungu je?

Ndiyo maana nimesema kifuniko chenye bawaba, sikusema uzibe kwa saruji. Unafunga unapoingia kuoga, unafungua kila kitu ukishatoka, na unaacha wazi angalau nusu saa ili mvuke utoke. Bafu linalobaki limefungwa na mvuke wake linaota ukungu mweusi kwenye pembe za dari, na ukungu huo unasumbua sana wenye pumu.

Kuna hali moja tu ambayo huruhusiwi kuziba tundu lolote: kama ndani ya bafu kuna kitu chochote kinachowaka moto, iwe gesi, mkaa au mafuta ya taa. Hilo nalijibu chini, na naomba usiliruke.

Siling bodi inasaidia kweli?

Sana. Kama fedha ni ya jambo moja tu mwaka huu, weka dari bafuni. Jipsamu ya kawaida hulegea kwa mvuke, kwa hiyo omba ile inayostahimili unyevu, au tumia dari ya PVC, au mbao za paini zilizopigwa vanishi, ambazo huku kwetu hazipatikani kwa shida.

Hita ya umeme ya kupasha hewa ya bafuni ni ipi?

Utaonyeshwa aina tatu dukani.

Ya feni inapuliza hewa ya moto. Inapasha haraka, lakini ule upepo ukikupiga ukiwa umelowa unahisi baridi kwanza, na nyingi zinazouzwa madukani hazikutengenezwa kwa ajili ya chumba chenye maji. Ya mafuta, ile yenye mapezi kama rejeta ya gari, ni nzuri chumbani. Bafuni inachelewa mno: unahitaji kuiwasha muda mrefu kabla, na mtu anayeoga dakika kumi hawezi kusubiri hivyo kila siku.

Ninayoipendekeza ni ya mionzi, ile ndefu nyembamba inayofungwa juu ukutani na kuwaka nyekundu. Haina haja ya kupasha chumba kwanza. Inakupasha wewe, kama jua la saa nne asubuhi linavyokupata hata kama hewa ni ya baridi. Kwa bafu la ukubwa niliotaja, wati 1,200 zinatosha. Ukiiwasha dakika 20 inakula uniti 0.4. Tukichukulia uniti ni shilingi 350, hiyo ni shilingi 140.

Ukiwa dukani tafuta alama ya IPX4 au zaidi kwenye kibandiko. Maana yake kifaa kinavumilia maji yanayoruka kutoka pande zote. Kisichokuwa na alama hiyo kiache, hata kama bei inavutia. Ikishanunuliwa ifungwe juu kabisa ambapo mtu aliyesimama chini ya shawa hawezi kuifikia kwa mkono, mbali na pazia, na swichi yake iwe nje ya mlango au iwe ile ya kuvuta kwa kamba.

Naweza kuvuta ekstensheni kutoka chumbani na kuiweka hita kwenye kigoda?

Hapana. Mtu aliyelowa, miguu peku kwenye sakafu yenye maji, ni njia nyepesi sana ya umeme kupita kwenda ardhini. Soketi haiwekwi bafuni kwa sababu hiyohiyo.

Shawa ya umeme inatosha, au nahitaji na hita ya hewa?

Kwa watu wengi, bafu likishazibwa, shawa ya umeme inatosha. Maji ya moto yenyewe yanapasha chumba kadiri yanavyotiririka. Fungua maji dakika moja kabla hujaingia, mvuke utatangulia.

Lakini elewa mipaka yake. Maji yetu Julai yanaingia yakiwa kama nyuzi 15 au chini ya hapo, na ya kuogea yanatakiwa yawe karibu nyuzi 40. Shawa ya kilowati 4 inaweza kupasha kiasi cha lita 2.3 tu kwa dakika kwa tofauti hiyo. Ya kilowati 5.5 inafika lita 3 na kidogo. Mteja wa Dar es Salaam anapata maji mengi kutoka shawa ileile kwa sababu maji yake yanaingia yakiwa tayari yana uvuguvugu. Ndugu yako wa Dar akikusifia shawa yake, kumbuka hilo kabla hujanunua kama yake. Huku chukua yenye nguvu zaidi, na ukubali maji membamba.

Sasa waya. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24 kwenye umeme wetu wa volti 230. Waya wa taa wa milimita 1.5 hauwezi, na wa soketi wa milimita 2.5 haufai. Inataka waya wake peke yake wa milimita 4, na kama umbali ni mrefu weka wa milimita 6, unaotoka moja kwa moja kwenye breka yake ya ampea 32, ukiwa na waya wa ardhi uliofungwa kweli, na kifaa cha kukata umeme unaovuja kinachoruka kwenye miliampea 30.

Mwaka mmoja niliitwa kwenye nyumba ambayo shawa ilikuwa inakata kila baada ya dakika tano. Nilipofungua swichi, plastiki ilikuwa imeyeyuka na kushikana na waya, ukutani pana doa la kahawia mfano wa kiganja. Fundi aliyetangulia alichomoa umeme kwenye waya wa taa ya bafuni. Waya wa ardhi ulikuwepo, rangi ya kijani na njano, umekunjwa vizuri nyuma ya boksi. Haukuunganishwa na kitu chochote. Watoto watatu walikuwa wanaoga pale kila asubuhi kabla ya shule. Nilikaa chini kidogo kabla sijaendelea na kazi.

Kwa hiyo ukimwita fundi, muulize leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, bila aibu, na akimaliza mwambie abonyeze kitufe cha majaribio kwenye kile kifaa cha kukata umeme mbele yako. Ukisikia kimeruka, mlipe.

Jiko la mkaa je? Bibi yangu alikuwa anaingiza jiko bafuni na hakupata neno.

Usiingize. Swali hili naulizwa na watu wenye akili zao, na naelewa linakotoka: jiko lipo, mkaa wa miwati unashika moto vizuri, umeme umekatika.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Moshi unapoisha na makaa yakawa mekundu watu hudhani hatari imekwisha, kumbe gesi hiyo inaendelea kutoka. Ikiingia kwenye damu inashika mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anaanza na kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu, na akitaka kutoka hawezi. Bafu ni dogo, limefungwa, na mtu yuko peke yake ndani. Bibi yako alikuwa na bafu la makuti au la matofali yenye nyufa, upepo unapita. Wewe umeshaziba lako.

Ukimkuta mtu ameanguka bafuni na kuna jiko, mtoe nje kwenye hewa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha umkimbize hospitali hata kama amezinduka.

Hita ya maji ya gesi ya mtungi inafaa?

Inafaa ikiwa nje. Ile boksi inayowasha moto yenyewe ukifungua bomba ni mkombozi umeme unapokatika, lakini ifungwe ukuta wa nje, chini ya kipaa, bomba la maji ya moto ndilo liingie ndani. Nimeiona imefungwa ndani juu ya choo cha kukaa. Hatari yake ni ileile ya jiko la mkaa.

Hita ya jua inafanya kazi na baridi hii?

Inafanya. Inachohitaji ni jua, na kipupwe chetu kina jua kali mchana ingawa hewa ni ya baridi. Tatizo letu ni usiku. Kule Makete na maeneo ya Kitulo, ambako nyanda zinafika mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, sakitu huanguka. Ile ya bapa ambayo maji ya kuogea yanapita moja kwa moja ndani ya mabomba yake inaweza kupasuka maji yakiganda. Huko nunua ya mirija ya kioo yenye ombwe, au ile yenye kimiminika kisichoganda kinachozunguka peke yake. Njombe mjini mirija ya kioo inatosha. Kwa wenzetu wa Lushoto na Limuru wenye ukungu wa siku nzima Julai, chukua yenye elementi ya umeme ya akiba, la sivyo mtajikuta mnarudi kwenye ndoo kipindi mnachoihitaji zaidi.

Sisi tunaogea ndoo, na bafu liko uani. Tufanyeje?

Nyie ndio wengi.

Kwanza saa. Kama shughuli zako zinaruhusu, oga saa tisa au saa kumi alasiri, wakati kuta zimeshiba jua. Simtanki jeusi lililokaa juani mchana kutwa linakuwa na maji yenye nafuu kubwa kuliko ya saa kumi na mbili asubuhi, na kila nyuzi ambayo jua limekupa ni kuni ambazo hukuzichoma.

Pili chini ya miguu. Tengeneza kichanja cha mbao: vipande vyembamba vimepigiliwa juu ya miguu miwili, nafasi ya kidole kati ya kipande na kipande ili maji yapite. Kianike juani mara kwa mara kisioze. Miguu isipogusa saruji, nusu ya mateso imeondoka.

Tatu upepo. Bafu la uani huwa wazi juu. Pauwa kwa bati, na kama kuna bati moja la kupitisha mwanga liweke upande wa kaskazini. Mlangoni kwa ndani tundika pazia zito linaloshuka hadi karibu na sakafu.

Nne maji yenyewe. Huku juu maji huchemka yakiwa kama nyuzi 93, hayafiki 100. Ili kupata ndoo ya lita 20 ya kuogea kutoka maji ya nyuzi 15, changanya lita 6 na nusu za yanayochemka na 13 na nusu za baridi. Yaani theluthi moja hivi ya moto. Tangulizeni maji ya baridi kwenye ndoo, ndipo ya moto yafuate. Mtoto akitumbukiza mkono mapema hataungua.

Ile hita ya koili ya kutumbukiza kwenye ndoo sipendi hata kuiuza. Ukilazimika, ndoo iwe ya plastiki, maji yafunike koili hadi alama yake, na mtu asiguse maji mpaka plagi imechomolewa kabisa ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Nina mtoto mchanga na mama mkwe wa miaka 74. Kuna la ziada?

Mtoto mchanga haogeshwi bafuni kipindi hiki. Shirika la Afya Duniani linashauri asiogeshwe kabisa kabla ya saa 24 tangu kuzaliwa, na baada ya hapo muogeshe kwenye beseni chumbani, mchana, mlango umefungwa, kitenge na blanketi vimeshatayarishwa. Pima maji kwa kiwiko. Anza na mwili, kichwa kiwe mwisho, maana kichwa kilicholowa ndicho kinachompoza haraka.

Kwa mama, shida kubwa ni mbili: kuteleza, na ule mshtuko wa kutoka kwenye blanketi hadi kwenye baridi kali, ambao unapandisha presha. Mwekee kiti imara cha plastiki aogee amekaa, mshikio ukutani, na hita ya ukutani iwashwe dakika kumi kabla hajaingia. Mama yangu mzazi alikuwa anaoga mara moja kwa wiki kila Julai, na tulidhani ni ukaidi wa uzee. Nilipofunga hita akaanza kuoga kila siku. Alikuwa anaogopa tu.

Itaniongezea kiasi gani kwenye luku?

Chukua familia ya watu wanne, kila mmoja dakika 8 kwenye shawa ya kilowati 4. Hiyo ni uniti 2.1 kwa siku, 64 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la D1, lile la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, shawa peke yake imekaribia kukumaliza, na uniti zinazozidi bei yake inaruka. Kwa familia ya D1 nashauri hita ya jua, au kuni nje kwa maji na umeme kwa ile hita ya mionzi tu.

Tangi la umeme la lita 50 likipashwa hadi nyuzi 60 linakula kama uniti 2.6 na linatoa lita 90 za kuogea ukichanganya na ya baridi. Familia inaogea humo yote. Hasara inakuja mtu akiliacha linawaka usiku kucha.

Ndiyo kwanza najenga. Nilipange vipi bafu?

Nashukuru umeuliza mapema. Sisi tuko kusini mwa ikweta kwa nyuzi kama 9, kwa hiyo Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Weka bafu upande wa kaskazini au kaskazini magharibi, ukuta wake wa nje ushibe jua la alasiri, na ukuta mwingine utumike pamoja na jiko la kupikia ikiwezekana. Ukuta mmoja tu uwe wa nje. Dirisha liwe dogo, la kufunga kwa bawaba, si luva.

Na kabla fundi hajapiga plasta, mwambie apitishe paipu ya waya ya milimita 25 kutoka mein swichi hadi bafuni, na nyingine kutoka bafuni hadi juu ya bati kwa ajili ya hita ya jua. Hata kama fedha ya vifaa itapatikana baada ya miaka mitano, paipu ziwe zimo ukutani na uzi wa kuvutia waya umeachwa ndani yake.